Mama Aliyekuja Kumwandikisha Mtoto

Nianze na hili ili tuelewane: mimi si mtu wa kuogopa maiti. Nimezaliwa Jorodom, pale Katesh, chini ya mlima. Tope lile la mlimani lililofukia nyumba zetu liliposhuka nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikarudi nyumbani, nikawekwa kwenye kundi la wanawake waliokuwa wanaosha maiti waliotolewa topeni. Niliosha majirani. Nilimwosha mwalimu wangu wa darasa la pili. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba siku ile nilikuwa na woga, au malaria, au upweke ulinichezea akili, namwacha aseme. Malaria nilijipima mwenyewe jioni ile ile, sikuwa nayo. Niliyoyaona niliyaona, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, saa kumi kasoro, siku ya kliniki ya watoto.

Nilikuwa nimemaliza uuguzi na ukunga, nimekaa nyumbani zaidi ya mwaka bila ajira, namsaidia shangazi kwenye duka lake la dawa. Ndipo nikapata mkataba wa miezi minne, kushika nafasi ya nesi aliyekwenda likizo ya uzazi, kwenye zahanati moja huko juu milimani Mbulu. Kijiji sitakitaja. Watu wanaishi pale, na wengine katika kisa hiki wako hai. Niseme tu kwamba gari linakushusha Tumati, unapanda bodaboda, halafu mbele ya safari kuna korongo, na hapo bodaboda anakwambia shuka uvuke kwa miguu, yeye atakusubiri ng'ambo kama njia ni kavu. Kama si kavu, anageuza.

Nilidhani baridi naijua. Jamani, sikuwa naijua. Mwezi wa sita kule juu unaamka unakuta blanketi lina unyevu kama limeanuliwa kabla halijakauka. Ukungu unashuka kutoka msituni, unaingia mpaka chumba cha chanjo, na mtu akisimama mlangoni unaona umbo kwanza, sura baadaye. Nilikaa pale nikihesabu wiki. Nilikuwa nimeshajiambia: hapa napita tu.

Tulikuwa watatu. Mganga mfawidhi alikuwa kijana aliyehamia mwaka uliotangulia, na mara nyingi alikuwa mjini kwenye vikao. Mimi. Na Mama Fabiola, mhudumu wa zahanati, mwenyeji wa pale pale, aliyefanya kazi hapo tangu jengo lilipofunguliwa. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu na masikio yangu, maana mabibi wengi wa kule Kiswahili kinawapa shida, na mimi Kiiraqw sikijui zaidi ya salamu. Alikuwa mama mpole, mwenye mikono mikubwa, anayeimba nyimbo za kanisani akipiga deki. Alinipokea kwa maziwa na kiporo cha ugali, akaniita mwanangu kuanzia siku ya kwanza.

Ila alikuwa na jambo moja. Ukungu ukishuka mchana, alikuwa anataka tufunge.

"Mama, muda wa kazi haujaisha," nilimwambia mara ya kwanza.

"Mwanangu, watu wa huku hawatembei kwenye ukungu. Utamsubiri nani?"

Na kweli, hakuna aliyekuja. Nikazoea. Tukawa tunafunga.

Siku ninayokusimulia, Mama Fabiola hakuwepo. Alikuwa amekwenda Maretadu kwenye msiba wa shemeji yake, na mganga alikuwa mjini. Nilipima watoto peke yangu tangu asubuhi. Unawajua wale akina mama wa kliniki: huyu anacheka mtoto wa mwenzake amenenepa kama gunia, yule anabishana kwamba wa kwake amepimwa na njaa. Saa nane wakawa wamekwisha. Ukungu ukashuka. Nikarudishia mlango, nikaweka komeo kwa ajili ya upepo, nikakaa kujaza taarifa. Sikuondoka kwa sababu nilijiona nafanya kazi ya serikali, na taarifa ya mwezi ilikuwa imechelewa. Hakuna sababu nyingine.

Niliposikia "Shikamoo nesi," nilijibu marahaba kabla sijainua kichwa. Ndivyo tulivyozoea. Nilipoinua kichwa, binti mmoja alikuwa amesimama kando ya mizani. Sikusikia komeo. Wakati ule hata sikulifikiria. Nilifikiri juu ya taarifa yangu.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Amejifunga shuka, na mtoto kifuani ndani ya kitenge. Miguu yake ilikuwa na tope jekundu mpaka magotini, tope bichi, linachuruzika. Nami nikamsikitikia kwa ubovu wa njia aliyopita. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano, vumbi la kule lilikuwa linatuingia mpaka kwenye chai, lakini niamini, hilo halikunijia kichwani. Akili ya mtu ina ukarimu wake. Ikiona kitu kisichowezekana, inakitafutia kiti.

"Umechelewa, mama," nikamwambia. "Watu wameshaondoka."

"Njia ilikuwa na maji."

"Haya, nipe kadi."

"Sina kadi. Mtoto hajaandikwa."

"Amezaliwa wapi?"

"Njiani."

"Anaitwa nani?"

Akamwangalia mtoto. "Bado hajaitwa. Nilitaka aandikwe kwanza."

Nikasimama kumchukua mtoto. Nilipomshika nilishtuka, lakini nilishtuka kikunga. Alikuwa wa baridi. Sio baridi ya mtoto aliyefunguliwa nguo. Baridi ya jiwe lililotoka mtoni. Alikuwa wa kiume, na macho yake yalikuwa wazi, yananitazama bila kulia. Nikamning'iniza haraka kwenye mizani ili nimrudishe kwenye joto. Mshale haukusogea.

Nikagonga mizani kwa kidole. Haukusogea. Nikamtoa mtoto, nikamshika kwa mkono wa kulia, nikaning'iniza mkoba wangu. Mshale ukaenda mpaka kilo mbili na nusu. Nikautoa, nikamrudisha mtoto. Mshale ukarudi kwenye sifuri ukatulia hapo. Na yeye ananing'inia, miguu yake naiona, vidole vyake naviona.

Ungefanya nini wewe? Kila ninayemsimulia ananiambia angekimbia. Mimi nilifanya nilichofundishwa. Nikamwambia yule binti kwa sauti ya ukali, "Mtoto ana baridi huyu! Fungua kifua, umweke ngozi kwa ngozi, sasa hivi."

Akampokea taratibu.

"Nimemweka kifuani tangu siku ile," akasema.

Sikumuuliza siku ipi. Nikarudi kwenye kiti changu, na yeye akaja mpaka ukingo wa meza. Nilisikia harufu ya maji ya mafuriko, ile harufu ya udongo na majani yaliyooza. Naijua. Kwetu Jorodom harufu ile ilikaa kwenye nguo zetu muda mrefu.

"Niandikie tu, nesi," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anabembeleza, kama mtu anayemwomba karani. "Nimekuja mara nyingi. Nakuta mmefunga. Andika kwamba nilifika."

"Jina lako?"

"Veronika. Wa Mzee Tluway. Mume wangu ni Emanueli."

Nikavuta rejesta ya wazazi, nikaandika. Mwandiko wangu wa siku ile ukiuona utasema ni wa mtoto wa chekechea. Jina la mama. Jina la baba. Mtoto, wa kiume. Kisha nikageuka nyuma kuchukua kadi mpya kwenye kabati, hatua mbili tu. Nilipogeuka tena, chumba kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa, na komeo liko mahali pake.

Nikalifungua, nikatoka nje nikimwita. "Mama! Veronika!" Ukungu ulikuwa umefunika hata mti wa uani. Nikasikia maji. Maji mengi, mto unaounguruma, upande wa korongo. Nikashuka kuufuata ule mngurumo nikidhani ameelekea huko, na kadri nilivyosogea ndivyo ulivyozidi, mpaka nikajikuta nimesimama ukingoni kabisa. Mngurumo ukakatika. Nikaangalia chini. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu na mavi ya mbuzi.

Sijui nilirudije. Nilichokikuta chumbani nitakuambia: kando ya mizani kulikuwa na maji mekundu sakafuni, kiasi cha kikombe. Nilichukua tambara nikapiga deki mwenyewe. Nilipiga deki, fikiria. Halafu nikapima ile malaria niliyokuambia.

Mama Fabiola alirudi kesho yake mchana. Nilikuwa nimeazimia nisiseme. Lakini aliponitazama tu akauliza, "Mwanangu, umelala?" Nikamsogezea rejesta. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Alipofika kwenye jina la Tluway alikaa chini sakafuni, mama mtu mzima, na mizigo yake ya msibani bado mgongoni.

"Alikuwa na mtoto kifuani?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Unamfahamu?"

"Huwa nafunga mlango kwa sababu yake."

Alinisimulia pale pale sakafuni. Ilikuwa masika, miaka kadhaa nyuma, kabla ya mganga huyu. Nesi wa wakati ule alikuwa amekwenda mjini bila ruhusa, na mganga wa wakati ule alikuwa anajua. Veronika alikuja na uchungu, mimba yake ya kwanza, mume wake akiwa mnadani na ng'ombe. Alikuja peke yake, kwa miguu. Mama Fabiola alikuwa na funguo. Lakini alikuwa ameambiwa asimpokee mzazi kama nesi hayupo, maana ikitokea shida itajulikana kwamba kituo hakikuwa na mtu.

"Nikamwambia uchungu wa kwanza ni mrefu. Nikamwambia, rudi nyumbani, uje kesho asubuhi, nesi atakuwepo. Akaniambia, mama, siwezi. Nikamwambia, utaweza, wote tumeweza." Akafunika rejesta kwa kiganja. "Mvua ilikuwa inanyesha, mwanangu. Nikafunga dirisha."

Korongo lilikuwa limejaa. Veronika hakuweza kuvuka. Alijifungua ukingoni, kwenye mvua, peke yake. Emanueli aliporudi kutoka mnadani alimkuta bado anapumua, mtoto kifuani ameshakufa. Veronika alimwambia neno moja tu, "Nilifika." Basi.

Emanueli alikwenda kwa wakwe zake akasema mke wake alifika zahanati akarudishwa. Zahanati ikakataa. Waliulizwa, wakasema hawakumwona, na Mama Fabiola akaulizwa mbele ya wazee, naye akasema hakumwona. Kwenye rejesta hakukuwa na chochote. Basi Mzee Tluway akaamini kilichobaki kuaminiwa: kwamba mkwe wake alimwacha binti yake na mimba akaenda kunywa pombe mnadani, na sasa anatafuta wa kumsingizia. Wakamtenga. Hakukanyaga tena kwa wakwe zake, na hata kanisani alikaa benchi la nyuma peke yake. Mtoto alizikwa na mama yake bila jina.

"Nilipoona umemwandika," Mama Fabiola akasema, "nimejua hata nikikimbilia wapi, nimeshapatikana."

Sasa, nisikudanganye kwamba mimi nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimebakiza wiki tano za mkataba. Hata kama napita tu, ajira nyingine sikuwa nayo, nilikuwa nategemea waniongezee. Usiku ule nililala nyumbani kwa Mama Fabiola, sisi wawili kitanda kimoja, na nilichokuwa nafikiri ni jinsi ya kuichana ile karatasi. Asubuhi nilikwenda mapema kabla yake. Nikafungua rejesta, nikaishika ile karatasi kwa kona. Mkono wangu wa kulia ulikuwa wa baridi tangu juzi yake, baridi ya kutosikia vidole, na haukukunjika. Sikuweza kuichana. Ukitaka sema nilikuwa na hofu. Mimi nasema mkono ulikataa.

Mama Fabiola alinikuta hivyo. Hakuniuliza. Alisema tu, "Jumapili, baada ya ibada, tutakwenda kwa Mzee Tluway. Wewe utanisindikiza tu. Nitasema mwenyewe."

Tulikwenda. Katekista alikuwa ameitwa, na wazee wawili, na Emanueli naye aliambiwa aje. Alikuja, lakini hakuingia. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi, mwanamume mwembamba ambaye usingejua kama ana miaka thelathini au hamsini. Mzee Tluway hakumsalimu. Mama Fabiola alipiga magoti mbele ya yule mzee. Alisema kwa Kiiraqw, sikuelewa maneno, lakini nilisikia jina la Veronika, na nilimwona akionyesha kwa mkono namna mtu anavyofunga dirisha.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama yake Veronika alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, na mikono yake iliendelea kuchambua, ikaendelea, mpaka ikasimama yenyewe. Kisha mzee akasema kitu kifupi bila kumtazama mtu. Katekista akaninong'oneza: "Anasema waongeze kikombe kimoja."

Emanueli akaletewa chai nje ya ua. Mzee akasema tena, kwa Kiswahili safari hii, nadhani ili na mimi nisikie: "Ndani. Anywee ndani."

Yule bwana aliingia, akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa. Alikuwa analia bila sauti, chai inamwagika. Nikamsogelea, nikamweleza kwamba jina la mke wake liko kwenye kitabu, na kwamba nafasi ya jina la mtoto wao wa kiume iko wazi. Hakuniuliza nilijuaje kwamba mtoto alikuwa wa kiume. Pengine alishaambiwa. Akasema, "Mwandike Daniel." Kisha akarudia, kama anayejaribu namna linavyotamkwa: "Daniel Emanueli."

Jumatatu niliandika. Niliandika mtoto ameitwa nani, amezaliwa wapi, amefariki wapi, na kwamba mama alifika zahanati akiwa na uchungu akarudishwa. Mganga alipoisoma alinivuta pembeni. "Unajua unachofanya? Wewe unaondoka baada ya wiki chache. Sisi tunabaki na barua za kujieleza." Nilimwambia najua. Alikasirika, lakini namheshimu kwa hili: hakuifuta. Aliandika barua akaipeleka ngazi ya juu. Watu wakaja, wakahoji. Mama Fabiola aliondolewa kazini akiwa amebakiza kidogo kustaafu. Waliokuwa wakubwa wakati ule walikuwa wamehama zamani, sikusikia kwamba wao wamepatwa na lolote. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, nami sikuuliza.

Siku ya kuondoka nilimpitia Mama Fabiola kumuaga. Alikuwa anapalilia bustani yake ya vitunguu. Nilimwomba msamaha. Akashangaa.

"Wa nini? Nimelala, mwanangu. Tangu Jumapili ile nalala mpaka asubuhi."

Je, Veronika alirudi? Kwa wiki zangu zilizobaki niliacha mlango wazi mpaka jioni, ukungu uwepo usiwepo. Hakuja. Nasikia nesi mwenyewe alirudi kutoka likizo yake na hajawahi kuona kitu, na Emanueli amejengea kaburi, na majina ni mawili.

Mimi sasa nimeajiriwa, niko hospitali kubwa, wodi ya wazazi, mbali na milima ile. Mkono wangu wa kulia haujapata joto. Nimepigwa picha, nimepimwa mishipa, madaktari wameniambia hakuna tatizo, na mmoja akanishauri nivae glovu za sufu. Wazazi ninaowashika hushtuka, nawaomba radhi. Kuna saa nauonea aibu mkono huu, na kuna saa nauchukulia kama saa ya ukutani, unanikumbusha muda.

Wenzangu vijana wanaponijia na barua zao, wamepata kijimkataba cha miezi mitatu sehemu ya mbali, wananiambia, "Dada, naenda kujishikiza tu." Ndio hao ninaowasimulia haya, na wewe pia nakusimulia kwa sababu hiyo. Hakuna mgonjwa wa muda. Wewe utapanda gari urudi kwenu, na utasahau hata jina la kijiji. Lakini utakachomfanyia mtu pale, au utakachokataa kumfanyia, kitabaki pale kinakaa na watu, kinakula nao, kinawagombanisha. Na kikichoka kusubiri, kitakutafuta. Usidhani kitachagua aliyekosa. Mimi sikuwepo masika ile, na bado ni mimi kilinikuta.